Baba Ameondoka Kwenye Grupu

Mzee Gathii aliondoka kwenye grupu la familia siku ya Jumatano saa nne asubuhi, miaka miwili na miezi mitatu baada ya kuzikwa.

Aliyeona kwanza ni mwanawe Muchiri, aliye Nairobi, ambaye hushinda na simu mkononi kana kwamba analipwa kuitazama. Picha ya baba yao, ile ya kofia ya kahawia aliyopigwa kwenye harusi ya mpwa wake, ilikuwa imetoweka. Mahali pake palikuwa na mwanamke mwenye kilemba cha kitenge, magunia yamepangwa nyuma yake. Muchiri hajamaliza kushangaa, mstari mdogo wa kijivu ukatokea: Baba ameondoka. Akaandika kwa herufi kubwa, NANI AMETOA BABA? Shangazi wa Nakuru akajibu kwa vikatuni vitano vya kulia. Binamu mmoja asiye na adabu akauliza kama ndio ufufuo wenyewe.

Nyambu, dada yake, alisoma hayo akiwa kwenye duka lake la mbegu na dawa za mifugo huko Kibomet, nje ya mji wa Kitale, akimpimia mteja dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wengine wote walikuwa wanauliza nani amemtoa Baba, na yeye alijua. Alikuwa amemtoa yeye.

Tangu mazishi, simu ya mzee ilikaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwa mama yao, Bilha. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na sauti. Mzee hakupenda kuandika, vidole vyake vilikuwa vimezoea jembe, kwa hiyo alirekodi. Kila Jumapili asubuhi alituma sala, kisha matangazo, kisha lawama: nani hajampigia mama yake simu wiki mbili, nani amenunua gari ilhali shamba limemezwa na magugu. Alipokufa, mjane wake akajiwekea desturi. Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, huketi, hubonyeza, humsikiliza mumewe akigomba, halafu huvaa kitambaa chake cha kichwa na kutoka akiwa ameridhika. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, lakini kile kitufe alikijua kwa kidole.

Sauti hizo hazikuwa mahali pengine popote. Simu ya Mama Bilha mwenyewe iliibwa sokoni. Na hao watoto na wajukuu wanaolia kwa vikatuni, tusifichane, walikuwa wamezifuta zamani ili simu zao zipate nafasi ya video za watu wanaoanguka kwenye matope.

Familia iligawana kazi. Muchiri analipa wifi ya nyumbani, Nyambu anaweka kredo kidogo kwenye laini ya Baba kila mwezi ili kampuni ya simu isiichukue namba. Kazi ya kitoto. Lakini mwaka ule mvua ilifika mapema, wakulima wakajaa dukani kwake wakitaka mbegu za mahindi wote kwa siku moja, akasahau mwezi mmoja. Akasahau wa pili. Mwishowe akasahau kwamba amesahau. Simu iliendelea kuishi kwa chaji na wifi ya Muchiri, na hakuna aliyegundua kwamba laini yenyewe imekufa na kuuzwa upya. Huyo mnunuzi alipofungua WhatsApp yake kwa namba hiyo, simu ya kabatini ikajifunga. Kioo kikaandika kwamba namba hii sasa imesajiliwa kwenye simu nyingine, na anayetaka kuingia aweke tarakimu sita zitakazotumwa kwenye laini. Laini iliyo kwa mtu mwingine.

"Mami, simu ya Baba imeharibika kidogo. Naipeleka kwa fundi," Nyambu alimwambia mama yake jioni hiyo.

"Itarudi kabla ya Jumapili?"

"Itarudi."

Njia ya mwongo ni fupi, ila Nyambu alihesabu akaona ana siku nne. Angemwambia mama yake nini? Kwamba umelala na mzee miaka arobaini na sita, ukabaki na sauti yake tu, na hiyo sauti mimi nimeipoteza kwa sababu ya shilingi kumi? Hakulala vizuri. Aliamka kila mara kuijaribu ile simu, kana kwamba huenda imebadilisha nia.

Fundi wa mjini Kitale alimrudishia simu ndani ya dakika tano. "Bila code, siwezi. Na nikilazimisha, zinaweza kufutika zote. Usije ukanilaumu."

Basi akaiandikia ile namba, kwa adabu zote. *Habari yako. Hii ni laini ya marehemu baba yetu. Kuna code ya namba sita itaingia kwako sasa hivi, naomba unitumie.* Na hapo ndipo Nyambu alipokosea, maana nchi hii nzima kuanzia kanisani mpaka kwenye baraza la chifu imefundishwa jambo moja: mtu usiyemjua akikuomba code, huyo ni mwizi, hata akilia. Jibu lilikuja mara moja. *Mtashindwa kwa jina la Yesu.* Kisha akafungiwa. Akapiga simu, ikakatwa. Akapiga kwa simu ya mteja, ikakatwa pia.

Kila mtu anajua ujanja wa kulijua jina la mwenye namba. Unajifanya unamtumia pesa, jina linatokea, halafu unaghairi. Nyambu akafanya hivyo, na jina likatokea: Agneta Wabwile. Akaliandika kwenye karatasi ya risiti. Wabwile ni jina la upande wa Bungoma, na Bungoma si mbali, lakini Bungoma si nyumba moja ya kubisha hodi.

Ijumaa mchana subira ikamwishia. Kuna grupu moja la Facebook linaitwa Watu wa Bungoma Tujuane, lenye watu elfu tisini wasiojuana. Nyambu akajiunga. Akaweka ile picha ya mwanamke mwenye kilemba, jina lake, namba yake, na chini yake akaandika kwa hasira ya siku tatu: *Huyu mama ametwaa laini ya marehemu baba yetu na hataki kuturudishia. Anayemjua aseme anapatikana wapi.*

Hasira hasara, lakini kwa saa mbili za kwanza Nyambu hakuona hasara yoyote. Aliona faraja. Watu wasiomjua walimtetea. Wakamwita yule mwanamke mwizi, mchawi, mla maiti. Mmoja akasema akipatikana achapwe. Mwingine akasema yeye yuko tayari kumwoa pamoja na magunia yake. Nyambu alisoma yote, na mengine, Mungu amsamehe, aliyapa kidole gumba. Katika watu wote hao hakuna aliyeuliza kama mwanamke huyo ana habari. Saa kumi mtu mmoja akaandika: *Huyo anauza maharagwe Myanga sokoni, karibu na posho mill ya kusaga unga. Jumamosi hakosi.*

Jumamosi Nyambu alifika Myanga saa tano, simu ya baba yake mkobani pamoja na simu yake mwenyewe na kijitabu cha mazishi chenye picha ya mzee kwenye jalada. Hakupata shida. Kilemba kilikuwa kile kile. Agneta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akipima maharagwe kwa gorogoro na kuyakung'uta ili yasijae kupita kiasi. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri kwenye kiwiko.

"Dada, mimi ndiye niliyekuandikia kuhusu laini ya Baba," Nyambu akasema.

Agneta akaiweka gorogoro chini. Alitazama nyuma ya Nyambu kwanza, kushoto na kulia, kabla ya kumtazama yeye. "Umenipata aje?"

"Nimeulizia tu."

"Umeulizia nani?"

"Watu. Hapa sokoni." Uongo wa pili ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Agneta akamwita mwanamke mzee aliyekuwa akiuza ndizi upande wa pili, shangazi yake Phelista, aliyeolewa huko Myanga, awe shahidi. Nyambu akaeleza yote: mzee, sauti, mama asiyeona vizuri, Jumapili ambayo ni kesho. Akatoa kijitabu. Phelista akakishika mbali na macho, akaisoma ile picha kwa muda mrefu kuliko maandishi.

"Huyu alikuwa mtu wa kanisa," akaamua. "Uso haudanganyi."

"Pole sana, dada," Agneta akasema, na sauti yake ikawa nyingine. "Mimi nilinunua hii laini kwa duka, sikujua ni ya mtu. Nilipofungua nikajipata kwa group yenu, watu wanaongea Kikuyu. Nikaona mapicha ya watoto, nikaona kuna mtu ameweka mpaka barua ya hosipitali. Nikasema haya si mambo yangu. Nikatoka. Sikusoma, haki ya Mungu."

Nyambu hakuweza kumtazama. Barua ya hospitali ilikuwa yake.

"Lakini siwezi kukurudishia," Agneta akaendelea. "Wateja wangu wote wako kwa hii namba, na wamama wa chama chetu cha akiba. Na kubadilisha tena ndio siwezi. Hii yenyewe nilibadilisha kwa sababu." Akaugusa ule mkono usionyooka. "Kuna mtu huko Kapsokwony. Bwanangu, Wangila. Huu mkono ni yeye, na mpini wa jembe. Nilitoka na mtoto asubuhi akiwa amelala. Anajua niko kwetu Kakamega, na ashaenda huko mara tatu kunitafuta. Wacha aendelee kujua hivyo."

Nyambu akakumbuka lile grupu la Facebook. Watu elfu tisini.

"Nitakupea saa moja," Agneta akasema. "Nitakusomea code, utoe sauti za mzee hapa hapa mbele yangu, halafu unirudishie WhatsApp yangu. Sawa?"

"Sawa. Asante. Mungu akubariki."

Nyambu akaiunganishia simu ya mzee mtandao kutoka kwenye simu yake, na Agneta akamsomea tarakimu sita, moja moja, kama mtu anayehesabu mayai. Simu ya mzee ikafunguka. Sauti zote zilikuwa mle, mia moja thelathini na nane. Nyambu akaifungulia namba yake iliyokuwa imefungiwa, akaanza kuzituma kwenye simu yake kwa mafungu, na mtandao wa Myanga siku ya soko ni wa kubembeleza. Kila fungu lilizungusha kiduara chake mpaka likaridhika. Wakati kiduara kinazunguka, alichukua simu yake mwenyewe, akaigeuza ili Agneta asiione, akaingia Facebook na kulifuta lile tangazo. Kabla halijatoweka aliona limesambazwa mara mia mbili na kumi. Akajiambia yamekwisha.

Ujumbe wa Agneta nao ukaanza kuingia kwenye simu ya mzee, na Nyambu akawa karani. "Kuna mtu anaitwa Mama Kiptum anauliza maharagwe ya nyayo ni pesa ngapi." Agneta anajibu, Nyambu anaandika. "Kuna mtu wa chama anasema leo hatafika, amefiwa na kuku." Wakacheka wote watatu. Phelista akaleta ndizi mbili na hakutaka kulipwa. Nyambu alizila akitamani saa hiyo iishe upesi aende zake, na watu hawa wema wabaki salama na maharagwe yao.

Saa sita na dakika kumi na mbili ukaingia ujumbe wa namba isiyo na jina. Kwanza ilikuwa picha. Nyambu akaifungua akakuta uso wake mwenyewe. Ilikuwa picha ya lile tangazo lake, jina lake juu, kilemba cha Agneta katikati, na chini kabisa yale maneno ya mtu wa posho mill. Chini ya picha yalifuata maneno machache. *Kumbe ni Myanga. Nakuja kuchukua mtoto wangu.*

Hapo palihitaji kusimama na kusema. Hata wewe unayesoma umekwisha kusimama. Lakini sauti zilizokwisha kupita zilikuwa tisini na moja, na kiduara kilikuwa kinazunguka, na Nyambu alijua kwamba akionyesha ujumbe ule ataonyesha na uso wake, na Agneta atainyakua namba yake, na mama yake kesho atakaa kwenye kiti akibonyeza kitufe kisichosema kitu. Akajiambia Kapsokwony ni mbali. Ile barabara ya mlimani haikimbiliki. Zimalizike hizi tu. Agneta alikuwa ameinama akifunga mfuko wa mteja kwa meno, akitumia mkono mmoja.

Sauti mia moja na nne. Mia moja na kumi na tisa. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili Agneta akadhani anataka maji.

Sauti ya mwisho ilipopita, ujumbe mwingine ulikuwa umeingia. *Nimepita Chwele.* Alikuwa amekwisha kuushuka mlima.

Nyambu akasimama, akampa simu. Agneta alisoma akiwa amesimama. Alitazama picha, akamtazama Nyambu, akatazama picha tena. Hakupiga kelele. Kidole chake kikashuka taratibu mpaka pembeni mwa ule ujumbe wa kwanza, palipoandikwa saa.

"Hii iliingia saa sita na dakika kumi na mbili," akasema. "Saa hii ni thelathini na tatu."

"Nisamehe."

"Umekaa nayo dakika ishirini na moja."

"Sauti zilikuwa zinamalizikia. Agneta, nisamehe. Sikujua, wakati ule naandika sikujua uko na mtu anakutafuta."

"Hukujua wakati wa kuandika. Na hizi dakika ishirini na moja?"

Phelista alikuwa amekwisha kukimbia kwenda nyumbani kumchukua msichana mdogo wa Agneta. Maharagwe yaliachwa wazi. Majirani wa soko wakaanza kusogea, wengine wakiuliza, mmoja akitoa simu kupiga picha, na Nyambu akamfokea kwa sauti ambayo hakuwahi kujua anayo. Mwendesha bodaboda aliyekuwa mteja wa maharagwe akawasha pikipiki bila kuuliza nauli.

"Twende kwetu Kibomet," Nyambu akasema, akimshika kanga. "Kuna chumba. Mami atakupokea. Hatakupata huko."

Agneta akautoa mkono wa Nyambu polepole. "Ndio unipost tena?"

Akabandua kifuniko cha simu yake kwa kucha, akaichomoa laini. Ikamponyoka, ikaanguka kwenye maharagwe, akaitafuta, akaipata, akaiweka kwenye kiganja cha Nyambu na kukifunga.

"Chukua ya baba yako. Mimi sina kazi nayo tena."

Phelista akaja na mtoto amembeba mgongoni kama mzigo wa kuni, kiatu kwenye mguu mmoja tu. Agneta na mtoto wakapanda, watatu pamoja na dereva. Agneta hakusema anakwenda wapi, na hata angesema, Nyambu hakustahili kusikia. Alibaki sokoni akilinda magunia pamoja na Phelista. Wangila alipofika, mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyewasalimia wote kwa mkono, soko zima lilimwambia halimjui mwanamke wa namna hiyo. Akatabasamu. Akazunguka kila kibanda mara mbili, halafu akaondoka.

Jumapili asubuhi Mama Bilha aliketi kwenye kiti chake, simu imerudi, laini imo ndani. Alibonyeza. Mzee Gathii akakohoa, akasali, akatangaza, kisha akaanza kumgombeza Muchiri kuhusu magugu ya mwaka juzi. Mama akacheka mpaka akajifuta macho.

"Nyambu, mwari wakwa, binti yangu, Mungu akuzidishie," alisema. "Muchiri anaongea tu kwa grupu. Wewe ndiye umenirudishia baba yako."

Nyambu alikuwa mlangoni amevaa nguo za kanisani. Kila neno la sifa lilimchoma. Alitaka kusema, akaona uso wa mama yake ulivyong'aa, akanyamaza, akajichukia kwa kunyamaza. Katikati ya lawama za mzee simu ikalia mlio mfupi. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu.

"Ni nani huyo anamwandikia baba yako asubuhi hii?" Mama akauliza, akimpa simu. "Hebu nisomee."

Nyambu akaipokea. *Najua unasoma.* Halafu, *Mtoto hajambo?* Halafu, *Niambie tu uko wapi, sina ubaya.*

Huyo mtu aliamini kwamba namba bado ni ya Agneta. Maadamu anaiandikia, hajapata mpya, na hiyo ndiyo siku nyingine ambayo Agneta amepewa. Nyambu akiizima simu, atajua. Akimjibu kwamba amekosea namba, atajua pia, na ataanza upya kutafuta, na safari hii anajua pa kuulizia, tena jina la Nyambu analo. Kwa hiyo simu itabaki imewashwa, hapa sebuleni, mikononi mwa mama yake.

"Ni mtu tu, Mami."

"Basi mjibu. Baba yako hakuwahi kumwacha mtu bila jibu."

Nyambu alikaa kwenye mkono wa kiti. Mzee alikuwa bado anagomba. Juu ya kioo, chini ya ile namba isiyo na jina, paliandikwa kwamba yuko mtandaoni, kisha maneno yakabadilika yakasema anaandika.